Barua kwa Profesa Usiyemjua

Barua ilikuwa kwenye simu, aya nne tu. Mwenyewe, dada mmoja aliyetetea tasnifu yake ya uzamivu mwezi Machi, alinikabidhi niisome tukiwa tumekaa nje ya mgahawa pale Usa River, chai ya maziwa ikifuka mvuke mezani. Alikuwa amemwandikia profesa mmoja wa Ujerumani. Alianza kwa salamu ndefu za heshima, akazitaja shahada zake tatu pamoja na alama alizopata, akaeleza kwamba yeye ni mchapakazi, ana nidhamu na hujifunza haraka. Aya ya mwisho ilisema angeshukuru sana iwapo profesa angemfikiria kwa nafasi yoyote, hata ndogo, kwa kuwa ndoto yake ni kuendelea kujifunza kwa wataalamu wakubwa. Vyeti sita viliambatishwa.

"Nimetuma kama hii mara kumi na tisa, Dokta," akasema. "Waliojibu ni wawili, na wote walinitakia kila la heri."

Nikamuuliza utafiti wake ulihusu nini hasa, na hapo sauti yake ikabadilika. Wakazi wa ukanda huu wanaijua habari yenyewe tangu utotoni. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro hubeba floridi, na mtoto anayekunywa maji hayo meno yakiwa bado yanajengeka huishia na madoa ya kahawia asiyoweza kuyasugua. Ikizidi mno hushambulia hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu ziko chemchemi na visima vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Kwa miongo mingi, wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, si mbali na pale tulipokaa, wamekuwa wakiichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dada huyu alitaka kujua kwa nini kichujio kinachofanya vizuri maabara huchoka mapema kikifika nyumbani kwa mtu. Alinieleza alivyobeba maji kwa bodaboda, alivyogombana na mashine iliyokuwa ikisoma vibaya kila umeme ulipocheza, na siku alipogundua kwamba tatizo halikuwa mkaa bali kitu kingine kilichomo ndani ya maji. Alizungumza nusu saa bila kushika kikombe. Chai yake ikapoa.

Hata neno moja la hayo halikuwemo kwenye barua.

Nimewasomea vijana wetu barua nyingi za namna hii tangu niliporudi kutoka Ulaya, ambako nilifanya kazi ya utafiti wa baada ya uzamivu, ile ambayo wenye fani huiita postidoki. Wengi wa waandishi wake ni watafiti hodari. Karibu wote huandika kama watu wanaoomba msaada, na mimi nilianza vivyo hivyo. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naona sehemu ya tatizo imo katika kitenzi chenyewe. Kwa Kiswahili tunaomba chumvi kwa jirani, tunaomba msamaha, tunaomba dua, tunaomba kazi. Maombi ni sala, na maombi ni bahasha unayopeleka masjala. Mtu aliyelelewa vizuri, akiomba, hushusha sauti na kuinamisha kichwa. Juu ya hapo, mwanasayansi wa kwetu amepita miaka mingi akisomeshwa kwa ufadhili: mkopo wa shahada ya kwanza, mfadhili wa uzamili, mradi wa wafadhili kwenye uzamivu. Amezoea kushukuru. Anapofika kwenye postidoki anaendelea na mkao uleule, wala hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaingia uhusiano wa aina nyingine.

Profesa wa Ujerumani hatafuti wa kumsaidia. Ana ruzuku ya miaka miwili au mitatu, ana ahadi alizoandika ili aipate, ana wanafunzi wanaohitaji mtu wa kuwaongoza siku hadi siku, na ana swali moja au mawili yanayomnyima usingizi. Anamtafuta mtu atakayeingia maabara Jumatatu na kuanza kulishambulia swali bila kushikwa mkono. Postidoki ni kazi. Ni ya muda mfupi, mara nyingi ina mshahara wa kawaida tu, lakini anayeajiriwa anaingia kama mwenzi katika utafiti, na barua yake inapaswa kusimama wima tangu mstari wa kwanza.

Utaratibu wenyewe una umri wa miaka mia moja na kidogo. Mwaka 1919, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, kwa fedha za Rockefeller Foundation, lilianza kuwalipa vijana waliokwisha kupata uzamivu wa fizikia na kemia ili wafanye utafiti bila mzigo wa kufundisha. Nia ilikuwa kumpa mtu nafasi ya kuchagua swali lake kabla majukumu hayajamfunga. Nia hiyo bado ndiyo bora kuliko zote. Mfano ninaoupenda ni wa Venkatraman Ramakrishnan, mzaliwa wa India, aliyepata uzamivu wa fizikia Ohio University mwaka 1976 kisha akahamia biolojia, akianza upya miongoni mwa wanafunzi. Alipokuwa postidoki Yale, katika maabara ya Peter Moore, alianza kuchunguza ribosomu, kile kiwanda kidogo cha protini ndani ya seli. Muda wake ulipokwisha, aliomba kazi ya ualimu katika vyuo karibu hamsini na hakupata. Swali hakuliacha. Lilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2009. Vijana wanaonisimulia kukataliwa mara kumi na tisa huwa nawasimulia habari hii, na huwa nasisitiza yale ya Yale kuliko tuzo: pale ndipo alipolipata swali lake.

Milango ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni nafasi iliyomo ndani ya mradi wa profesa. Fedha anazo, kazi imekwisha elezwa, anatafuta mtu. Nyingine hutangazwa, nyingine hujazwa kimyakimya kwa sababu barua nzuri ilifika wiki ambayo profesa alikuwa anaanza kuandika tangazo. Wa pili ni ufadhili unaoushinda wewe mwenyewe na kwenda nao unakokwenda: ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, wa Taasisi ya Alexander von Humboldt ya Ujerumani, wa JSPS wa Japani, na mingineyo. Watu wengi hudhani mlango wa pili haumhitaji mtu yeyote, unajaza fomu tu. Sivyo. Ule wa Japani, kwa kawaida, hupelekwa na mwenyeji aliyeko kulekule. Kama hujampata mtafiti aliyeko Japani aliyekubali kukaa na wewe, huna maombi. Ule wa Umoja wa Ulaya unaandikwa na mwombaji pamoja na mwenyeji wake: kurasa 10 za mradi, zinazopewa alama kwa uzito wa asilimia 50 kwa ubora wa sayansi, 30 kwa manufaa yatakayotokana nao, na 20 kwa mpango wa utekelezaji. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini kwa kanuni yake ya miaka mingi mwombaji hapaswi kuwa ameishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi. Aliyesomea uzamivu Ubelgiji na bado yuko huko atafute nchi nyingine.

Ushindani nao si wa kuchezea. Mwaka 2024 maombi ya ufadhili huo wa Umoja wa Ulaya yalizidi 10,300, na waliopata hawakufika 1,700. Mwaka uliofuata maombi yakaruka hadi zaidi ya 17,000. Aliyepata alama za chini anaweza hata kuzuiwa kurudi mwaka unaofuata na taasisi ileile, kwa hiyo kupeleka mradi uliopikwa wiki mbili kwa matumaini ya kubahatisha kuna gharama. Siku ya mwisho huwa Septemba. Vyuo kadhaa vya Ulaya huanza kutafuta watu wa kuwakaribisha tangu Februari au Machi, na ikifika Juni mwenyeji makini amekwisha kumjua atakayeandika naye. Anayeanza barua ya kwanza Agosti amechelewa, hata kama ni bingwa.

Kwa hiyo milango yote miwili hurudi mahali pamoja: barua kwa mtu usiyemjua.

Tulirudia ile ya Usa River palepale mezani. Nilimwomba aiweke simu pembeni na anisimulie kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye yule profesa na nimekaa naye daladala. Hili ni jambo dogo ambalo limewasaidia wengi. Barua itaandikwa kwa Kiingereza, lakini mtu akianza kufikiri kwa Kiingereza cha maofisini, kalamu hukimbilia misemo aliyoiona kwenye barua za wengine. Akisimulia kwa lugha anayogombania nayo bei sokoni, hoja hutoka na uti wa mgongo.

Akasema hivi. Profesa na wenzake wamechapisha makala kuhusu unga wa madini unaonasa floridi kwa nguvu sana. Waliupima kwa maji yaliyotengenezwa maabara, yenye floridi na chumvi kidogo. Maji ya huku yana bikabonati nyingi na pH iko juu, na hali hizo mbili huipokonya floridi nafasi za kushika kwenye uso wa kichujio. Yeye ameliona hilo kwenye mkaa wa mifupa, ana takwimu zake, na anashuku kwamba unga wa profesa utapata shida ileile. Ana njia mbili za kuhakikisha. Akikaa naye mwaka mmoja na nusu anaweza kusema kama unga huo utafaa Afrika Mashariki au utabaki kwenye makala.

"Hiyo ndiyo barua," nikamwambia.

Alisita. "Si nitakuwa kama ninamkosoa?"

Swali lake lilinigusa, kwa sababu ni la mtu mwenye adabu. Kwetu, mdogo hamwambii mkubwa kwamba kazi yake ina pengo, tena kwenye barua ya kwanza, tena bila kupitia kwa mtu. Lakini kuisoma kazi ya mtu mpaka ukaona inapoishia ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hii. Profesa anajua kwamba hakupima maji ya volkano, hakuwa nayo. Anayemwandikia anayo. Nimeliona hili mara nyingi, na linaniuma kila mara: tunaficha kitu pekee ambacho mwombaji wa Munich au Toronto hana. Tumeishi na tatizo lenyewe. Tunajua kisima kinavyobadilika masika na kiangazi, tunajua kwamba kibali cha utafiti Tanzania hupitia COSTECH na Kenya hupitia NACOSTI, tunajua mama mwenye nyumba ataacha kutumia kichujio kikianza kunuka. Hayo ni maarifa, na yana thamani katika maabara yoyote inayodai kushughulikia maji, malaria, mihogo au umeme wa jua.

Sehemu iliyobaki ya barua ilikuwa fupi. Mstari mmoja juu ya vifaa anavyovijua, elektrodi ya kupimia floridi ikiwa ya kwanza. Mwingine juu ya lini anaweza kuanza. Mwingine juu ya fedha, kwa sababu profesa atajiuliza hata asiposema: je, ana mradi wenye nafasi, au wangeandika pamoja maombi ya ufadhili wa Septemba? Wasifu wa kurasa mbili na makala yake moja bora viliambatishwa. Vyeti sita tuliviacha. Vitaombwa na idara ya utumishi siku yake ikifika. Uchapakazi na nidhamu navyo tukavifuta. Sifa hizo zina uzito zikisemwa na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye mdhamini.

Hapa ndipo waombaji wetu wengi wanapoangukia, wala kosa mara nyingi si lao. Kwenye nchi nyingi za utafiti barua ya mdhamini ni ndefu, hata kurasa mbili, na inasimulia: mwombaji alikwama wapi, alijinasuaje, wazo gani lilikuwa lake na si la msimamizi, analinganishwaje na wengine waliopita maabara ileile. Kwetu tumerithi barua ya kiofisi. Mmoja wa wadhamini wangu wa kwanza, mzee ninayemheshimu hadi leo, aliandika mistari mitano: kwamba ananifahamu, kwamba sikuwahi kuwa na kesi ya nidhamu, na kwamba anaunga mkono maombi yangu bila kipingamizi. Kwa kipimo cha hapa alinisifu. Miaka baadaye mmoja wa waliokaa kwenye jopo lililopitia maombi yangu aliniambia kwamba walidhani mzee ananikataa kwa upole.

Dawa ni kumsaidia mdhamini, na hilo linawezekana bila kuvunja heshima. Mchague aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko cha mkuu wa kitivo aliyekuona mara mbili. Mwandikie ukurasa mmoja wa kumbukumbu: mradi unaoombea, mambo matatu mliyofanya pamoja, lile jaribio lililoshindikana na ulivyolitatua. Wako wasimamizi watakaokwambia, "Andika wewe, mimi nitasaini." Ni mtego. Utajisifu kwa haya, barua itatoka dhaifu, na kama mtindo wake unafanana na wa barua yako, wasomaji watatambua. Mrudishie ukurasa wa kumbukumbu na umwombe aandike kwa maneno yake.

Kisha kuna kukumbushana. Kumpigia mwalimu wako simu mara ya tatu kunaonekana kama kumdai, na vijana wengi wameacha siku ya mwisho ipite kuliko kumsumbua mzee. Nilichojifunza ni kupanga hilo mapema: "Mwalimu, barua inatakiwa tarehe 10. Naomba nikukumbushe tarehe 1 na tarehe 8." Akishakubali, simu ya tarehe 8 inakuwa utekelezaji wa makubaliano, na hakuna anayedhalilika.

Usaili siku hizi hufanyika kwa video. Utapewa kama dakika 20 za kueleza kazi yako, kisha maswali. Tafuta mahali penye umeme wa uhakika na bando la akiba, na uwe umemtumia mwenyeji slaidi zako kabla, ili mtandao ukikatika aendelee kuziona. Jiandae zaidi kwa swali la kitu gani hakikufanikiwa. Wanaouliza wanataka kuona unafikiri namna gani mambo yakiharibika, kwa kuwa katika utafiti mambo huharibika siku nyingi kuliko yanavyofaulu.

Ukipata, usikubali kabla ya kuhesabu. Hapa nitataja namba kwa sababu hakuna aliyenitajia mimi. Uingereza, mbali na ada ya viza, hutoza mchango wa huduma ya afya ambao tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, na unalipwa wote kwa mkupuo kabla ya kuondoka. Mume, mke na watoto wawili kwa mkataba wa miaka mitatu: pauni 10,866. Chuo kingine hurudisha fedha hiyo, kingine humrudishia mtafiti peke yake, kingine hakirudishi chochote. Uliza, na upewe jibu kwa maandishi. Marekani, kipimo cha Taasisi za Taifa za Afya kwa postidoki wa mwaka wa kwanza kilikuwa dola 61,008 mwaka 2024. Ukikiona ukiwa Dodoma ni utajiri, ukilipia nacho kodi ya nyumba Boston ni kubana matumizi. Wengi huingia huko kwa viza ya J-1, na baadhi ya wenye viza hiyo hulazimika kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba hadhi nyingine. Amri za mwaka 2025 ziliwawekea raia wa Burundi, na baadaye wa Tanzania, vizuizi vya viza, kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla ya kutumia miezi sita kujiandaa. Ghuba nako kuna nafasi ambazo watu wetu huzisahau: chuo cha KAUST, kilichofunguliwa 2009 huko Thuwal kando ya Bahari ya Shamu, kina kituo kikubwa cha utafiti wa kuondoa chumvi kwenye maji, na postidoki ni wengi.

Na si lazima kupanda ndege ya mbali. Nasikitika ninaposikia mtu akisema amekosa Ulaya ndiyo maana yuko Kilifi, kana kwamba kituo kile cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome, kinachofanya kazi tangu 1989, ni kituo cha basi. Mtafiti wa mbu atafute sababu nzuri sana ya kuacha Ifakara, ambako kuna mabanda makubwa ya nyavu wanamofugwa mbu katika mazingira yanayokaribia ya kijijini, na mbu wenyewe wako nje ya mlango. Nairobi kuna icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya sayansi ya wadudu, na kuna ILRI kwa mifugo. Kigali, tangu 2018, kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki iliyo mbia wa kituo cha ICTP cha Trieste, ambacho Abdus Salam alikianzisha 1964. Kwa maswali fulani, maabara bora duniani iko umbali wa safari moja ya basi.

Kuna kikwazo kimoja kilichobaki, nacho ni cha kwetu wenyewe. Wengi wenye uzamivu Afrika Mashariki tayari ni wahadhiri. Wanahitaji ruhusa ya mwajiri, na fomu za ruhusa zinajua masomo na zinajua likizo. Postidoki haina cheti mwishoni. Nilipopeleka barua yangu ya mwaliko, ofisi husika iliniuliza nakwenda kusomea shahada gani. Nikasema hakuna shahada. Wakaniuliza basi ni ya nini. Miezi mitano ilipita faili likizunguka, na mwenyeji wangu alikuwa karibu kumchukua mtu mwingine. Siwalaumu makarani, walikuwa wanafuata fomu. Ila vyuo vyetu vinavyotaka wahadhiri wachapishe na walete ruzuku vinapaswa kuwa na utaratibu wa kuwaruhusu miaka miwili na kuwapokea tena kwa nafasi zao, pamoja na makubaliano kwamba watarudi na ushirikiano wa maabara ile. Gharama yake ni ndogo. Anayeondoka kwa kutoroka faili hatarudi, na hapo hasara ni ya nchi. Kwa sasa, anza mazungumzo hayo na mkuu wa idara wiki ileile unayotuma barua ya kwanza, usingoje upate.

Dada wa Usa River alituma barua yake mpya Alhamisi usiku, mistari kumi na nane. Siku tisa zilipita. Jumamosi asubuhi akanipigia simu, na kwa namna alivyokuwa akihema nilidhani amepata kazi. Jibu lilikuwa na sentensi tatu, na hakuna iliyotaja nafasi wala mshahara. Profesa alishukuru, akasema ameisoma makala yake, kisha akauliza kama sampuli zile za maji zilihifadhiwa kwenye chupa za kioo au za plastiki, maana floridi hula kioo na vipimo hupotoka.

Alikuwa amekwisha kumjibu. Za plastiki, zote, na akaambatisha picha ya rafu nzima, chupa zikiwa zimepangwa kwa majina ya vijiji.